Karatu na Ngorongoro: Akina Mama Wanaoomba Pamoja

Msafiri anayetoka Arusha kwenda Karatu huiacha barabara ya Dodoma pale Makuyuni, akashika mkono wa kulia kuelekea Mto wa Mbu. Mbele yake husimama ukuta wa Bonde la Ufa, mrefu na wa kijani wakati wa mvua. Gari hupanda kwa kona nyingi, Ziwa Manyara likibaki chini upande wa kushoto, na nyani wakiwa wamekaa pembeni kama askari wa barabarani. Ukifika juu, nchi hubadilika. Udongo ni mwekundu, mashamba ya ngano, mahindi na maharage yamelala juu ya vilima, na hewa ina baridi kidogo. Hapo umeingia nchi ya Wairaqw, na baada ya muda si mrefu unauona mji wa Karatu umejipanga kandokando ya barabara. Safari yote kutoka Arusha ni kama kilomita 140 hivi.

Wapendwa wasomaji, sisi tulipita njia hiyo mwanzoni mwa Machi 2025, akina mama kumi na wanne kwa kosta ya kukodi. Watalii wengi hupita Karatu wakienda kuona simba na faru katika kreta ya Ngorongoro. Sisi tulikwenda hasa kuwaona watu. Tulialikwa na akina mama wenzetu tuungane nao katika Siku ya Maombi ya Wanawake ya Dunia, ambayo huwa kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Machi. Tulikuwa pia na swali tulilolibeba kutoka nyumbani. Wanawake ndio wengi katika nyumba zetu za ibada, ndio wanaofagia, wanaoimba, wanaotembelea wagonjwa na wafiwa. Je, sauti yao inasikika wapi mambo yanapoamuliwa?

NCHI YA LUGHA NYINGI

Ni vigumu kupata mahali pengine Afrika ambapo watu wa asili mbalimbali wanakaa karibu hivi. Wairaqw, ambao wengi tumezoea kuwaita Wambulu, ni wakulima na wafugaji, na lugha yao ni ya jamii ya Kikushi. Wamasai na Wadatoga ni wafugaji wenye lugha za Kinailoti. Kando ya Ziwa Eyasi, upande wa Mang'ola, wanaishi Wahadzabe wanaowinda na kuchimba mizizi, na lugha yao ina sauti za kugonga ulimi. Kisha wako Wachaga, Wapare, Warangi, Wanyiramba na Wabantu wengine waliokuja kwa biashara, kazi za ofisi na kilimo cha vitunguu. Siku ya mnada unawakuta wote sokoni, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha.

Jambo moja lilitushangaza tulipokuwa tukizungumza na wazee wa pale. Wairaqw walimwita Mungu Looaa tangu zamani, kabla ya kuletewa Injili, na katika lugha yao jina hilo ni la kike. Looaa ni kama mama, tena wanamhusisha na jua linaloangaza watu wote. Wamasai humwita Mungu Engai, na jina hilo nalo lina kiambishi cha kike, kama vile entito, yaani mtoto wa kike. Wahadzabe nao huliita jua Ishoko, na katika masimulizi yao ni mwanamke.

Hatusemi kwamba Mungu ni mwanamke. Mungu wetu ni Roho. Lakini nabii Isaya katika sura ya 66 anasema kwamba Mungu huwafariji watu wake kama mama amfarijivyo mtoto, na Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka sura ya 13, alijilinganisha na kuku anayekusanya vifaranga chini ya mbawa zake. Basi mababu wa nchi hii walikuwa wamekwisha kuona kitu ambacho sisi wasomaji wa Biblia mara nyingine tunakipita haraka.

Tena wanawake wa huku hawakuwa watazamaji katika mambo ya ibada. Kwa Wairaqw, ile sala ndefu iitwayo slufay, ambayo kiongozi husema na wasikilizaji huitikia, ni kazi ya wazee wanaume. Lakini kwa Wamasai, mama ndiye aliyeamka alfajiri akamrushia Engai matone ya maziwa ya kwanza na kuombea boma lake lote. Kwa Wadatoga kulikuwa na baraza la wanawake. Mwanaanthropolojia wa Marekani, George Klima, aliyeandika kitabu kuhusu Wabarabaig mwaka 1970, anaeleza jinsi baraza hilo lilivyoweza kumhukumu mwanamume aliyemdhulumu mwanamke na kumtoza ng'ombe. Kwa hiyo mtu akisema kwamba uongozi wa wanawake ni mambo ya kigeni yaliyoletwa juzi, ajue kwamba nyanya zetu wa nchi hizi watamshangaa.

IJUMAA YA MAOMBI

Ibada ya Siku ya Maombi ina historia ndefu. Mizizi yake iko kwa wanawake wa makanisa ya Marekani wa karne ya 19, waliokuwa wakiombea misheni na wahamiaji maskini, na tangu mwaka 1927 imekuwa ya dunia nzima. Kila mwaka wanawake wa nchi moja huandika utaratibu mzima wa ibada, na wanawake wa nchi nyingine zote huutumia. Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya Palestina, mwaka 2025 Visiwa vya Cook katika Bahari ya Pasifiki, na mwaka 2026 Naijeria. Wazo la mwaka 2025 lilitoka Zaburi ya 139, ile inayosema kwamba Mungu ndiye aliyetuumba kwa namna ya ajabu tumboni mwa mama zetu.

Katika kanisa tulimokaribishwa walikuwapo Walutheri, Wakatoliki, Waanglikana, Wamoraviani na baadhi ya Wapentekoste. Sista mmoja alisoma Zaburi, mwinjilisti mwanamke wa Kilutheri akahubiri, na akina mama wa Kipentekoste wakaongoza maombi ya kuombea wagonjwa. Nyimbo ziliimbwa kwa Kiswahili na Kiiraqw. Wanaume wachache waliofika walikaa viti vya nyuma. Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alitusalimia akicheka, akasema, "Leo tumekaa nyuma, na tumesikia vizuri zaidi."

Lakini nje, chini ya mti, maneno mengine yalisemwa. Mama mmoja wa makamo, ambaye ngumi zake zilikuwa ngumu kwa jembe, alitueleza habari za kanisa la kijijini kwao. "Mchanga tuliubeba sisi kutoka korongoni. Maji tuliyachota sisi. Matofali yalipoanza kupanda, tulikuwa tukipika uji wa mafundi. Siku ya kikao cha kuamua fedha zilizobaki zitumike vipi, sisi tulipeleka chai tukatoka." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Wenzake walitikisa kichwa, na sisi tuliotoka mjini tulitazamana, maana hadithi hiyo haiko Karatu peke yake.

FUTARI

Mwaka huo Mungu alitupangia jambo zuri. Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi, na mfungo wa Ramadhani ulikuwa katika wiki yake ya kwanza. Kwa hiyo Ijumaa ile ya tarehe 7, Wakristo walikuwa katika Kwaresima na Waislamu walikuwa wamefunga. Wenyeji wetu wana majirani wa Kiislamu ambao wanashirikiana nao sokoni, kwenye vikoba na kwenye misiba. Majirani hao waliposikia kuna wageni, walituita sote tukafuturu nao.

Tuliketi kwenye mikeka uani, wakati wa magharibi, jua likizama nyuma ya milima ya Oldeani. Adhana ilipolia, kila mmoja alipewa tende na maji, kisha ukaja uji wa pilipili manga, viazi, maharage ya nazi na tambi. Bibi mwenye nyumba, ambaye sote tulimpa shikamoo, alituuliza kama tunajua kwa nini wao huanza na tende. Alitusimulia habari za Bibi Mariam, mama wa Isa, ambaye sura nzima ya Kurani, ya 19, ina jina lake. Humo imeelezwa jinsi uchungu wa kuzaa ulivyomshika akiwa peke yake, akaegemea shina la mtende, akatamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Ndipo akaambiwa asihuzunike, maana Mola amempa maji chini yake, na autikise mtende apate tende mbivu.

Baadhi yetu ni wauguzi, tumekaa miaka mingi katika wodi za wazazi. Tulinyamaza kidogo. Maneno yale, kutamani kufa kuliko kuendelea na uchungu, tumeyasikia kwa masikio yetu usiku wa manane, kutoka kwa mama wa msalaba na kwa mama wa hijabu. Na tiba yake ya kwanza ni ileile: usihuzunike, tuko nawe, kunywa maji, kula kitu upate nguvu. Bibi yule alipomaliza, tulimsimulia nasi habari za Mariamu na Elisabeti kama alivyoandika Luka, jinsi yule binti alivyopanda milima kwenda kumtembelea mzee wake aliyekuwa mjamzito, na jinsi mtoto alivyoruka tumboni.

Watu wengi husikia neno mazungumzo ya dini wakafikiri ni masheikh na maaskofu mbele ya vipaza sauti. Hayo yana faida, na Tanzania imebarikiwa kuwa nayo. BAKWATA, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na Baraza la Maaskofu Katoliki wamekaa meza moja mara nyingi kuhusu amani na haki za wananchi. Afrika nzima ina programu ya PROCMURA, iliyoanzishwa mwaka 1959 na yenye ofisi kuu Nairobi, inayofundisha Wakristo kuishi vizuri na Waislamu. Lakini katika picha nyingi za mikutano hiyo utahesabu kanzu na kola nyeupe, na mwanamke mmoja au wawili pembeni. Wakati huohuo, mazungumzo yenyewe yanaendelea kila siku kwenye mabomba ya maji, kliniki na uani kama pale. Akina mama wameshatangulia. Kilichobaki ni kuwapa kiti.

JAMBO LINALOHITAJI SAUTI ZETU

Baada ya kula, mazungumzo yaligeuka. Binti mmoja mwalimu aliuliza, kwa sauti ndogo, kama wageni wanaweza kusema neno kuhusu ukeketaji. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeondoka.

Tuseme wazi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 10 walikuwa wamekeketwa. Mkoa wa Arusha, ambamo Karatu na Ngorongoro zimo, walikuwa 41, na Mkoa wa Manyara, jirani yake, 58. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15. Lakini sheria ikikaa mjini na ngariba akikaa kijijini, mtoto hana mtetezi. Katika mahali pengine watu waliposikia sheria, walianza kuwakeketa watoto wachanga ili isijulikane.

Madhara yake tunayajua kazini: damu nyingi, maambukizo, kovu lisilotanuka wakati wa kujifungua, mama kuchanika na mtoto kukosa hewa. Tulieleza hayo kwa maneno ya kawaida. Kisha mama mmoja wa Kiislamu akasema kwamba kuna watu wanaowaambia kuwa ni agizo la dini, lakini yeye amesoma Kurani toka utotoni na hajaona humo agizo hilo. Mkatoliki mmoja akasema kwao huitwa mila ya wazee, na Biblia nayo haiagizi. Mama wa Kiiraqw akaongeza, "Basi kama halimo kwenu wala kwetu, linakaa wapi?" Bibi mwenye nyumba akamjibu, "Linakaa kwetu sisi kina bibi. Sisi ndio tunaowashika watoto."

Neno hilo lilikuwa zito kuliko hotuba. Mchungaji mwanamume hawezi kusema hivyo, wala sheikh. Jambo linalofanyika katika chumba cha wanawake, wanawake wa imani ndio wanaoweza kulitoa. Usiku ule akina mama wale walikubaliana kwamba kabla ya likizo ya Desemba, ambapo mambo hayo hufanyika zaidi, watatembelea nyumba wawili wawili, Mkristo na Mwislamu, ili mtu asipate mahali pa kujificha nyuma ya dini.

KUPANDA NGORONGORO

Jumamosi, tarehe 8 Machi, ilikuwa Siku ya Wanawake Duniani, na maadhimisho ya kitaifa yalikuwa Arusha. Magari mengi yalishuka kwenda mjini, sisi tukapanda. Kutoka Karatu hadi lango la Lodoare si mbali. Ndani ya lango barabara ni ya vumbi jekundu, na wakati wa mvua huteleza. Msitu ni mzito, miti imevaa ndevu za kuvu, na ukungu hushuka ghafla.

Kisha msitu unafunguka na unaiona kreta. Hakuna picha inayoweza kuieleza vizuri. Ni bakuli la upana wa karibu kilomita 19, kina cha mita 600 hivi, na eneo la chini lina kilomita za mraba zipatazo 260. Tulisimama kimya. Ndipo mmoja wetu akaanza wimbo wa sifa, na watalii waliokuwa karibu wakavua kofia.

Hifadhi ya Ngorongoro ilitengwa na Serengeti mwaka 1959, na tangu mwanzo ilikusudiwa wafugaji waishi pamoja na wanyama pori. Mwaka 1979 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Ndani yake liko Bonde la Olduvai na pia Laetoli, ambako mwaka 1978 mtafiti mwanamke, Mary Leakey, na wenzake walifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, zinazokadiriwa kuwa na miaka milioni 3.6. Upande wa kaskazini mashariki uko Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu, volkano ambayo bado inafuka na iliyolipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Wanawake wa Kimasai wasiopata watoto wamekuwa wakienda huko kwa vikundi, wakiimba na kumwomba Engai.

KANISA LA WANAWAKE

Katika kijiji kimoja cha nyanda za juu tulipokewa na akina mama wa Kimasai. Walituambia "Takwenya," nasi tukajibu "Iko," kama tulivyofundishwa garini. Watoto walituinamishia vichwa tuviguse. Shanga za akina mama zilikuwa nyingi na nzuri, na katika mikufu ya wengine ulining'inia msalaba mdogo wa shanga. Kanisa lao ni jengo dogo la mbao na bati. Siku ile walikuwa kama arobaini, na wanaume walikuwa watatu.

Hali hiyo ina historia. Wamisionari wa Kikatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofanya kazi Umasaini walikazana kwanza kuwapata wanaume, kwa shule na kwa wazee wa boma. Padre Vincent Donovan, Mmarekani aliyekuwa Loliondo katika miaka ya 1960, aliona kwamba shule na hospitali zilikuwa na watu lakini Wakristo hawakuonekana, akaamua kwenda bomani kuzungumza habari za Mungu tu. Kitabu chake cha mwaka 1978 kimesomwa na wamisionari duniani kote. Hata hivyo walioitika kwa wingi, miaka iliyofuata, walikuwa wanawake. Profesa Dorothy Hodgson wa Marekani, aliyefanya utafiti wa miaka mingi miongoni mwa Wamasai wa Tanzania, alitoa kitabu mwaka 2005 ambacho jina lake maana yake ni Kanisa la Wanawake. Anaeleza kwamba mama wa Kimasai alikuwa tayari mtu wa sala, na kanisani alipata mahali pa kukusanyika na wenzake bila kuomba ruhusa ya kila neno. Wengi pia waliletwa na ugonjwa wa pepo waliouita orpeko, ambao ulisemekana kupona kwa ubatizo.

Mkalimani wetu alikuwa msichana mwenye umri wa kama miaka ishirini na mitano, ambaye ndiye anayefundisha katekisimu pale. Alisema mwanzoni wazee walikaa mbali, migongo imegeuka, wakijifanya wanatazama ng'ombe. Baadaye waligeuza nyuso. Siku hizi watatu wanaingia ndani. Mama mmoja mzee alicheka akasema, "Wanaume wako nyuma yetu. Tunawangoja."

Lakini hawakuwa na kicheko tu. Tangu Juni 2022 serikali imekuwa ikiwahamisha wakazi wa hifadhi walioandikishwa kwenda kijiji cha Msomera, Wilaya ya Handeni, mkoani Tanga, ikisema kwamba watu na mifugo wameongezeka kuliko ardhi inavyoweza kubeba. Wapo waliokubali wakaenda. Wapo wanaosema hii ni nchi ya mababu zao na hawataondoka, na Agosti 2024 maelfu ya wakazi, wanawake wengi wakiwemo, walijitokeza barabarani kudai haki na huduma zao. Sisi hatukwenda kuamua shauri hilo. Tulisikia tu jinsi linavyoonekana kutoka kwenye benchi la kanisa. Mwongozaji wa kwaya amehama na mume wake. Mama wa ubatizo yuko Tanga, mtoto wake wa ubatizo yuko Ngorongoro. Tulipouliza kama akina mama waliulizwa maoni yao kabla familia haijaandikishwa, msichana yule alitafsiri swali, na kwa muda mrefu hakuna aliyejibu. Kisha mmoja akasema, "Aliulizwa mwenye boma."

Hapo tulielewa kwamba habari ya wanawake kusikika si habari ya vyeo. Mwanamke asiyezoeshwa kusema kanisani hatasema kwenye mkutano wa kijiji. Na mwanamke aliyeongoza sala mbele ya watu arobaini ameshajifunza kusimama.

MLANGO UNAFUNGUKA POLEPOLE

Tusikate tamaa, kwa maana yako mambo yaliyokwisha kutendeka. KKKT iliamua mwaka 1990 kwamba wanawake wanaweza kuwa wachungaji, na mwaka uliofuata wa kwanza waliwekewa mikono. Shirikisho la Walutheri Duniani, ambalo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba aliliongoza toka 1977 hadi 1984, lilikubaliana mwaka huo wa 1984 huko Budapest kwamba angalau asilimia 40 ya wajumbe wake wawe wanawake. Wakatoliki wana WAWATA tangu mwaka 1972, na Januari 2021 Papa Fransisko alifungua rasmi huduma ya usomaji na ya kutumikia altareni kwa wanawake. Kwa Waanglikana wa Kenya, Rose Okeno alikuwa askofu wa Butere mwaka huohuo wa 2021. WAWATA ilipoadhimisha miaka 50, Septemba 2022, mgeni rasmi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa alikuwa Rais Samia Suluhu Hassan, mwanamke wa Kiislamu akisherehekea na wanawake wa Kikatoliki. Wasomaji wetu wanawakumbuka pia waliotangulia: Debora mwamuzi, Foibe wa Kenkrea, Prisila aliyemfundisha Apolo, na Mariamu Magdalene aliyetumwa kuwaambia mitume kwamba Bwana amefufuka. Waislamu nao wanamkumbuka Bibi Khadija, mfanyabiashara, aliyekuwa wa kwanza kumwamini mumewe.

KAMA KIKUNDI CHENU KINATAKA KWENDA

Njia ni ya lami hadi lango la hifadhi. Chukueni nguo za baridi, kwa maana ukingo wa kreta uko juu sana, na mtoke ndani kabla ya saa kumi na mbili jioni lango halijafungwa. Raia hulipa kiingilio kwa shilingi, nafuu kuliko wageni, lakini ulizieni mapema. Karatu zipo nyumba za wageni za bei nafuu, na hosteli za makanisa. Msipige picha za watu bila kuwaomba. Sukari na sabuni ni zawadi nzuri kuliko nguo kuukuu.

La muhimu zaidi, andikeni kwanza kwa akina mama wenyeji, mwaulize wao wanataka nini. Waulizeni pia majirani zao wa Kiislamu. Mkifika, waacheni wenyeji waseme kwanza.

Na kwa wale wasioweza kusafiri, kazi ipo hapohapo nyumbani. Katika kikao kijacho cha usharika au parokia yenu, hesabuni viti: wanaume wangapi, wanawake wangapi. Ulizeni kwa upole ni nani aliyebeba mchanga. Halafu mtafuteni mama mmoja wa dini nyingine mtaani kwenu, mwende pamoja kumtembelea mzazi aliyejifungua wiki hii. Mkifika, mmoja achemshe maji, mwingine ampokee mtoto, na kila mmoja aombe kama alivyofundishwa.

Mungu awabariki.